Kichwa cha Gunia

Gunia la kwetu Matamba lilikuwa na kichwa.
Mdomo haukufungwa, ulishonewa kofia ya kamba,
viazi vikapanda juu ya viazi hadi kifuani mwa mtu,
na dalali, mguu mmoja kwenye ngazi ya lori,
akasema: hili ni moja.

Baba naye akahesabu moja.
Moja, mbili, tisa, ishirini na moja,
kwa vijiti vya mianzi alivyovipanga kizingitini,
na vijiti havikumdanganya hata siku moja.
Aliyedanganya hakuwa kijiti.

Vikubwa viliteremka kona zote hadi Chimala.
Vidogo tukala.
Vilivyooza ubavu mmoja tukavipanda,
kisha tukashangaa mistari mizima ikinyauka,
tukasema ni mkono wa mtu.
Januari mama alichelewesha chungu makusudi,
usingizi uwapunguze walaji.

Mizani ilianza na neno la Enelika Mbwilo,
nje ya kanisa, akifunga kanga upya:
"Nimechoka kuuza nisichokijua."
Wanawake ishirini na watatu,
mia tano mia tano kila Alhamisi,
mwaka mzima na miezi miwili.
Ilishapima kahawa Mbozi, ikazeeka huko.
Ina kutu. Sindano yake hutetemeka kwanza,
kama mtu anayetafuta jina la mtu.

Lori likaja. Dalali akacheka.
"Mimi napima kwa jicho, mama."
"Na jicho lako lina kilo ngapi?"
Akawasha gari, akaondoka mtupu.

Viazi vililala siku tatu chini ya turubai.
Baridi ya Julai, ya kuvunja barafu kwenye ndoo,
nyasi asubuhi nyeupe kama zimemwagiwa chumvi.
Usiku wa pili nilisikia pikipiki kwa Ezironi Tweve.
Magunia manne, yote yana vichwa.
Ada ya shule haingoji mizani.
Wapo waliotaka atolewe kundini.
Hakutolewa.
Nani kati yetu hajawahi kuuza gizani?

Siku ya nne, lori lilelile.
Dalali hakusema kitu, akanyoosha kidole kwenye mizani.
Kwanza tukapandisha gunia moja la mtindo wa zamani,
tulilishona makusudi, tulione.
Sindano ikafika mia. Ikapita.
Ikaenda, ikaenda, ikatulia
kwenye mia na arobaini na mbili.

Hakuna aliyepiga vigelegele.
Mama Luvanda aliketi chini, palepale kwenye tope.
Mimi nilikuwa natafuta kijiti.
Arobaini na mbili, mara ishirini na moja,
mara miaka yote ya mgongo wa baba —
hesabu ikanishinda, nikaiacha ilie yenyewe.

Hatujatajirika. Mwaka huu bei imeanguka,
na fundi wa mizani anadai nauli ya kutoka Mbeya.
Ila shamba la juu tumelipumzisha kwa njegere.
Matuta yanakata mlima kwa ubavu,
udongo hauteremki tena na mvua
kama na wenyewe una safari ya Chimala.
Mbegu tumezilaza kwenye chanja, penye mwanga hafifu,
zinachipua polepole, nzima, kubwa kama yai la bata.
Kuna aliyezitaka kwa bei nzuri.
Tulimpa chai, akarudi zake.
Na Januari hii chungu kiliuwahi usingizi.

Jana kitindamimba wa Ezironi alipanda kwenye mizani,
nyayo zina tope,
akajaza pumzi kifuani ili aongezeke.
Kilo kumi na tisa.
Nikamwandika kwenye daftari, katikati ya magunia.
Baba yake akachungulia begani kwangu,
akauliza kama ile namba ni ya kweli.
Nikasogea pembeni
nikamwambia apande mwenyewe.